Shajara ya mradi wa maji ya mvua, kisiwa cha Foa, Tonga

Februari

Mizigo imefika isipokuwa sanduku la vishikio vya gata, mikondo ya kukingia maji ukingoni mwa paa. Limebaki Nukuʻalofa, mji mkuu, na litakuja na feri ijayo, bahari ikiruhusu. Mabomba, misumeno, keekee ya umeme na vifaa vya kupimia maji viko salama chini ya turubai katika ukumbi wa kijiji.

Tuandike mapema tumekuja kufanya nini. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni fundi bomba. Sote wawili ni watu wa kisiwa cha Pate, Lamu, ila kazi imetuweka Auckland, New Zealand, kwa miaka mingi, na huko Watonga ndio majirani zetu na ndio wenzake mume wangu kazini. Tumejitolea kwa mwaka mmoja. Shirika lililotutuma linalipa nauli, pango la nyumba na posho ya chakula. Kijiji kinatoa nguvukazi. Kazi ni kufufua uvunaji wa maji ya mvua: mapaa, gata, matangi, na utaratibu wa kuvitunza baada ya sisi kuondoka.

Nia ilianza tarehe 15 Januari 2022, siku ilipolipuka volkano ya chini ya bahari ya Hunga Tonga–Hunga Haʻapai. Kebo ya intaneti ilikatika, na wenzake mume wangu wakakaa siku kadhaa hawajui kama wazazi wao wamenusurika. Mawasiliano yaliporudi, baada ya kujuliana hali, habari iliyofuata kwa wengi ilikuwa ya maji: majivu yamefunika mapaa, na yaliyomo matangini hayafai kunywewa. Mtu wa Pate akisikia hivyo haulizi zaidi. Sisi tumelelewa na maji ya jabia, birika la kuhifadhi maji ya mvua, tunajua mwaka ambao mvua haikujaza jabia huwa mwaka wa namna gani. Mume wangu alisema usiku ule ule, "Mama watoto, hii ni kazi ninayoiweza." Ikatuchukua muda kupanga, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Foa na jirani yake Lifuka, kilipo kituo kikuu cha kundi la visiwa la Haʻapai, mji wa Pangai, ni visiwa bapa vya matumbawe vilivyounganishwa kwa tuta la barabara juu ya maji. Havina mto wala kijito. Chini ya ardhi kuna tabaka la maji matamu linaloelea juu ya maji ya chumvi. Ukilivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Tetemeko la Mei 2006 liliishusha Lifuka kwa takriban sentimita 23, na tangu hapo bahari imekuwa ikila ufuo wa magharibi. Kwa hiyo maji ya kisima ni ya kufulia na kuoshea, ya kunywa hukingwa kutoka juu. Mvua ya hapa ni kama milimita 1,700 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Ndiyo maana tuna haraka. Usiku tukilala tunasikia maji yakimwagika kutoka kwenye mabati yasiyo na gata, yote yanazama mchangani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na tumeibandika ukutani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80 likipigwa na mvua ya milimita 30 linatoa lita 2,400, toa kidogo yanayorukia nje. Familia ya watu sita ikitumia lita kumi kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, tangi la lita 10,000 linaivusha miezi mitano na zaidi, yaani karibu kiangazi chote. Matangi yapo. Tatizo ni njia ya maji kutoka batini hadi tangini.

Februari, siku za mwisho

Bado hatujagusa msumari, na ndivyo inavyotakiwa. Tulikwenda kujitambulisha kwa ofisa wa kijiji, kisha kwa wachungaji wa makanisa, kisha nyumba kwa nyumba. Kila tulipoingia tuliketishwa mkekani tukalishwa. Magimbi, viazi vikuu, muhogo, shelisheli, samaki mbichi aliyekolezwa ndimu na tui la nazi. Mgeni kutoka bara pengine angeshangaa vyakula hivi. Sisi tulikula kama tuko kwa bibi.

La nguruwe tulilisema mapema na kwa upole, kwa sababu hapa hakuna karamu bila nguruwe na kukataa sahani mbele za watu ni kumvunja moyo aliyepika. Sasa tukialikwa, jirani yetu hutufungia lū ya samaki: majani ya magimbi, tui zito, kitunguu, vyote ndani ya jani la mgomba, vikaiva polepole kwenye ʻumu, tanuri la mawe ya moto lililochimbwa ardhini. Anaiweka pembeni peke yake na kuitia alama kwa kamba ili isichanganywe na nyingine. Hakuna aliyemwomba aweke alama.

Jambo jingine la wiki hizi ni buibui langu. Jirani alikuja jioni moja, akakaa, akauliza kwa sauti ya chini ni nani wangu aliyefariki. Watonga wakifiwa huvaa nyeusi kwa muda mrefu, na aliyefiwa na mtu wa karibu zaidi hujifunga mkeka mkubwa kiunoni. Nilimweleza kwamba ni vazi letu la kila siku, akacheka, akanishika mkono. Kwa shughuli za kijiji sasa najitanda leso za rangi na mtandio, na akina mama wamenisukia kiekie ya kuvaa kiunoni juu ya gauni, kama mwanamke mwenye shughuli ya heshima anavyovaa hapa. Kujisitiri hapa ni kawaida ya watu wote, wanaume na wanawake, kwa hiyo mtandio wangu haumshangazi mtu.

Kibla ni magharibi, kaskazini kidogo. Tumezoea Lamu kuelekea kaskazini, hivyo siku za kwanza mume wangu alichora mshale wa chaki sakafuni.

Machi

Mkutano wa kijiji, fono, ulifanyika Jumatatu. Watu walijaa. Mume wangu alieleza mpango, nami nikaeleza upande wa afya: maji machafu, watoto kuhara, mbu wa dengi wanaozaliana katika matangi yasiyo na wavu. Mwenzetu wa kijijini alitufasiria. Tukauliza maswali. Kimya. Tukauliza tena, kina nani wana shida zaidi, tangi gani linavuja, nani anachota usiku. Kimya cha heshima, nyuso zikitutazama kwa wema. Ofisa akafunga mkutano kwa sala.

Mambo mawili tumeelezwa baadaye, na kwa maoni yetu kila anayekuja kujitolea Tonga angeelezwa haya kabla ya kupanda ndege. La kwanza, fono ni mahali pa watu kupokea maagizo. Si mahali pa kujadiliana. La pili lina uzito zaidi. Kaka na dada hapa wana heshima kubwa baina yao. Wakishabalehe hawalali chini ya paa moja, hawatazami filamu pamoja, na mmoja hatatamka la mwili wala la aibu mbele ya mwenzake. Na dada si yule wa tumbo moja peke yake. Binti wa ami na binti wa mjomba ni dada vilevile. Katika kijiji kidogo, ukumbi ukijaa, karibu kila mwanamume ana dada mle ndani. Nami nilikuwa nimesimama katikati yao nikiuliza habari za kuhara na vyoo.

Basi tumegawana. Mume wangu anakwenda jioni kwenye nyumba ya kava, kinywaji cha mizizi wanachokunywa wanaume, mimi nakwenda kwa akina mama wanaosuka asubuhi. Hatukuja na mpango huu, kijiji ndicho kilichotuonyesha, na tunaamini ndiyo faida kubwa ya kutumwa mke na mume pamoja. Mwanamume aliyekuja peke yake angejua nusu ya kijiji. Mwanamke peke yake, nusu nyingine.

Nyumba ya kava ni banda la mabati na mikeka. Wanaume huketi kwa duara, bakuli kubwa la mbao likiwa upande mmoja, na kata ya kifuu cha nazi inapita mmoja baada ya mwingine. Mume wangu alieleza kwamba yeye hanywi ila angependa kukaa. Wakampa dafu. Huimba, hunyamaza, huzungumza, huimba tena hadi usiku mwingi. Ni kule alikojua kwamba tangi kubwa la simenti nyuma ya kanisa moja lina ufa tangu kimbunga Ian, kile cha daraja la tano kilichopiga Haʻapai tarehe 11 Januari 2014 na kung'oa mapaa ya visiwa hivi. Akajua pia kwamba nyumba nyingi zilizojengwa upya baada ya Ian zina paa zima, ila gata ziko upande mmoja tu, nyingine zimeshaanguka. Na akajua jambo ambalo hakuna angelisema ukumbini: paa la kanisa ndilo kubwa kuliko yote, lakini kijiji kina madhehebu kadhaa, na wasio wa kanisa lile huona haya kuchota pale.

Upande wangu ni ukumbi wenye sakafu ya simenti na wanawake waliokaa miguu imenyooshwa, kila mmoja na sehemu yake ya mkeka. Ukindu wao hutoka kwa mkadi. Hukatwa, huchemshwa, huanikwa juani, huchanwa kwa kucha au sindano hadi upana wa uzi wa kiatu. Siku nyingine ni zamu ya ngatu, kitambaa cha gome la mti, na hapo kijiji kizima husikia nyundo za mbao zikigonga magogo tangu asubuhi. Mimi nasuka ukili tangu utotoni. Mwanamke mzee aliyekaa kando yangu alinitazama mikono, akanisukumia fungu la ukindu, akaendelea na kazi yake. Baada ya hapo nilisikia mambo. Mfereji wa lile tangi la kanisa hufungwa kwa kufuli, ufunguo anao mzee mmoja, na akiwa shambani watoto hunywa maji ya kisima. Matangi mengine mfereji uko chini mno, bibi mwenye maumivu ya goti hawezi kuinama, anangoja mjukuu atoke shule. Ndoo ya kunywa ndiyo ndoo ya kunawia.

Usiku, baada ya futari (Ramadhani imetukuta hapa, na jua huzama karibu saa moja jioni), tunaweka vipande pamoja. Yeye ana ufa na paa, mimi nina ufunguo. Tangi ni lile lile moja.

Machi, nusu ya pili

Vishikio vimefika. Kazi ya mikono imeanza.

Kwa mafundi wa kwetu wanaosoma: miteremko ya gata hapa tunaiweka sentimita moja kwa kila mita mbili, tukitumia uzi na pima maji. Ukilaza zaidi maji yanatuama na mbu anapata nyumba. Ukiinamisha sana, mwisho wa gata unakaa mbali na bati na mvua ya upepo inaruka nje. Kila bomba la kushuka lina tawi la kutupia maji ya mwanzo, kipande cha bomba kilichozibwa chini kwa kizibo cha kufungua. Maji ya kwanza yanayoosha paa, yenye vumbi, majani ya mshelisheli na kinyesi cha popo, hujaza tawi hilo kabla ya maji safi kupita kwenda tangini. Mvua ikiisha, kizibo kinafunguliwa na uchafu unamwagwa. Kizibo kisipofunguliwa, mvua inayofuata uchafu wote unaingia tangini. Hapo ndipo miradi mingi hufa, kwenye kizibo cha shilingi chache.

Vijana wanafanya kazi kwa nguvu na kwa nyimbo. Mfungo juu ya bati la moto si mchezo, kwa hiyo mume wangu hupanda alfajiri na kushuka kabla ya saa nne; mchana anakata na kupima kivulini. Siku moja vijana walikataa kunywa maji mbele yake. Ikabidi awaombe wanywe, kwamba funga yake haizuii kiu yao.

Jumapili hakuna kazi yoyote. Katiba ya mwaka 1875 imeitakasa siku hiyo, maduka yamefungwa, ndege hazirushwi, na moshi wa ʻumu unapanda kila uani. Tunakaa kibarazani. Kwaya zao huimba bila ala, sauti za besi zinafika hadi kwetu ng'ambo ya barabara, na tunakubaliana sote wawili kwamba hatujawahi kusikia uimbaji wa kijiji kizima wa namna hii. Jumapili ndiyo siku ya kupiga simu nyumbani pia. Tuko mbele ya Kenya kwa saa kumi, hivyo tukipiga saa mbili usiku, mama mkwe wangu yuko kwenye saa nne asubuhi na ana nafasi ya kutuuliza yote.

Aprili

Vipimo. Nimetumia chupa ndogo zenye dawa ambayo hugeuka nyeusi maji yakiwa na vijidudu vya kinyesi. Unajaza, unafunga, unaacha mahali penye joto. Nilizipanga dirishani kwenye ukumbi wa akina mama, kila moja na namba badala ya jina la familia, namba hizo nikazijua mimi na mwenye tangi tu. Hakuna aliyefedheheka. Kesho yake baadhi zilikuwa zimebaki angavu, nyingine zimekuwa kama wino wa pweza. Akina mama walizizunguka, wakazinyanyua moja moja kwenye mwanga, hawakusema kitu. Jioni ile watu kadhaa walikuja nyumbani kwetu, mmoja mmoja, kuuliza namba yao maana yake nini na wafanye nini. Nimefundisha afya kwa maneno miaka mingi, na sijaona somo lililoingia haraka kama hili.

Chanzo mara nyingi kilikuwa kile kile: tawi la mshelisheli juu ya paa, gata iliyojaa majani, tangi lisilo na kifuniko. Matawi yamekatwa. Mifereji mipya tumeiweka kimo cha kiuno juu ya jukwaa dogo la simenti, na chini yake shimo la mawe la kufyonza maji yanayomwagika, kwa sababu nguruwe hupenda tope la chini ya mfereji na huchimba hadi msingi wa tangi unaachwa wazi.

Tangi lenye ufa limemwagwa, likasuguliwa, likapigwa lipu mpya kwa ndani, na tumelilowesha kila siku kwa wiki nzima lisikauke upesi likapasuka upya. Mazungumzo ya ufunguo hatukuyafanya sisi. Akina mama walizungumza na shangazi mmoja, dada mkubwa wa baba katika ukoo wa yule mzee, na dada wa baba katika familia ya Kitonga ndiye mwenye daraja la juu kuliko wote. Sijui alisema nini wala sikuuliza. Kanisa limekubali bomba lipitishwe nje ya ua hadi mfereji wa pili kando ya barabara, bila kufuli, anayepita achote.

Mei

Mvua zinapungua. Jioni zisizo na mawingu tunaona Kao magharibi, mlima wa volkano wa zaidi ya mita 1,000, na Tofua ubavuni mwake. Kwa wenyeji hiyo si mandhari tu. Tumetoa mafunzo mafupi nyumba kwa nyumba ya namna ya kutenganisha bomba na tangi: majivu yakianza kudondoka, unang'oa kiungo kimoja kwa mkono, paa linaendelea kuchafuka lakini maji yaliyomo yanabaki salama. Kiungo hicho hatukukipiga gundi kwenye nyumba yoyote, kwa makusudi, na kimepakwa rangi nyekundu ili hata mtoto akijue.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikuwa Fakamē, sikukuu ya watoto. Kijiji kilisimama kwa wiki kadhaa kabla yake, maana kila mtoto ana fungu la kukariri kanisani na nguo mpya za kushonewa. Tulipunguza kazi. Hakuna ratiba ya mradi inayopaswa kushindana na siku hiyo.

Swali la matunzo ndilo lililotunyima usingizi zaidi. Tulikuwa tunafikiria kamati mpya. Mzee wa kikundi cha kusuka akauliza kwa nini tuunde kitu kipya wakati akina mama tayari wana ukaguzi wao wa nyumba, ʻaʻahi, ambapo wanazunguka na kutazama usafi wa ua, jiko, mikeka na vyoo. Vikundi vya wanawake wa vijijini vina mizizi mirefu Tonga. Malkia Sālote Tupou III alianzisha shirika la Langafonua mwaka 1953 kuinua kazi na maisha ya wanawake. Sasa gata, wavu, kizibo na kifuniko cha tangi vimeongezwa kwenye ukaguzi huo. Wanaume, walipoelezwa na mume wangu kwenye kava, walichosema ni kwamba ngazi ziwekwe mahali pamoja na wasiachiwe wanawake kupanda. Wakapanga zamu ya vijana wa kupanda palepale.

Ukaguzi wa kwanza umefanyika bila sisi. Niliona msafara ukipita na madaftari, nikabaki kibarazani.

Yaliyobaki: nyumba za upande wa mashariki bado hazijafikiwa, mabomba ya inchi tatu yamekwisha na agizo liko Nukuʻalofa, kipimo cha chumvi cha visima viwili kirudiwe mwisho wa kiangazi. Jumatatu tunaanza na nyumba ya mjane nyuma ya shule. Ubao wa ukingo wa paa lake umeoza kabisa, kwa hiyo gata itangoja hadi seremala amalize.